Kazi ya gurudumu iko kwenye tundu

Aliyewahi kutengeneza gari la kuchezea utotoni anaijua habari hii, hata kama hajawahi kuikalia chini na kuifikiria. Unaokota ndala iliyokatika, unaibandika mdomo wa kopo juu yake upate duara, unakata kwa wembe. Baada ya dakika kumi una magurudumu manne mazuri kabisa. Kisha inaanza shughuli. Unapasha msumari motoni, unatoboa katikati, unapitisha waya wa mwavuli. Tundu la kwanza limekwenda pembeni, gari linachechemea. La pili limebana, gurudumu limegoma, linaburuzwa kama mguu wa mgonjwa. La tatu limelegea, na ukivuta kamba gurudumu linalala ubavu. Mimi niliharibu ndala nzima, na haikuwa yangu, kabla ya kupata gari moja linalokwenda bila kuvutana na kamba.

Kwa hiyo nikisikia mtu anashangaa eti ilikuwaje binadamu akachelewa kubuni kitu rahisi kama gurudumu, huwa najua huyo gari lake alinunuliwa dukani.

Duara halikuhitaji mbunifu. Mwezi ni duara, ungo ni duara, gogo likiteleza mlimani linabiringika lenyewe bila kufundishwa. Kilichohitaji akili ni sehemu ile ndogo katikati, pale kinachozunguka kinapokutana na kisichozunguka: tundu na mhimili wake. Na hapo ndipo ugumu ulipolala kwa maelfu ya miaka. Watu walikuwa wameshalima, wameshafuga, wameshafinyanga na kuchoma vyungu, wameshafuma nguo, hata shaba walikuwa wameshaanza kuiyeyusha, na bado mizigo ilikuwa ikienda kichwani, mgongoni na kwa kuburuzwa. Ushahidi wa zamani kabisa tulionao wa gari la magurudumu hauendi mbali zaidi ya mwaka 3600 KK hivi.

Tuangalie kwanza mhimili unafanya nini. Tuseme gurudumu lina kipenyo cha sentimita 70 na mhimili wake una unene wa sentimita 7. Gurudumu likizunguka mara moja, mzigo unasogea mbele kama sentimita 220. Lakini msuguano, yaani ule mkwaruzano wa mbao kwa mbao unaokula nguvu, umefanyika ndani ya tundu peke yake, na umbali wake ni kama sentimita 22 tu. Ungeburuza mzigo huohuo chini ungekwaruza sentimita zote 220, tena kwenye mawe na matope. Mhimili ukiwa mwembamba zaidi, faida inaongezeka. Lakini ukizidi kuwa mwembamba unavunjika na mzigo juu yake. Ukiunenepesha usivunjike, unarudisha msuguano uliotaka kuukimbia. Fundi wa mwanzo alikuwa anatembea katikati ya mitego hiyo miwili, na tundu lake lilitakiwa liwe duara kwelikweli, laini ndani, lisibane wala lisicheze. Wapo wataalamu wanaosema kazi ya namna hiyo isingewezekana kabla ya patasi za shaba, na kwamba ndiyo sababu gurudumu lilisubiri madini. Si wote wanaokubali, ila kila aliyewahi kutoboa mbao ngumu kwa kifaa butu ataelewa kwa nini wanasema hivyo.

Halafu kuna mbao zenyewe. Katuni zote zinamwonyesha mtu wa kale akikata gogo kama anavyokata mkate na kupata gurudumu. Jaribu. Kipande cha gogo kilichokatwa hivyo kikikauka kinapasuka kutoka katikati kwenda ukingoni, na hata kabla ya kupasuka, kingo zake zinabanduka kwa sababu nyuzi za mti zimesimama kwa upande usiobeba uzito. Gurudumu linalodumu linataka ubao uliopasuliwa kwa urefu wa mti. Na ubao mmoja wenye upana wa kutosha unataka mti mnene sana, kwa hiyo mara nyingi mafundi waliunga vipande viwili au vitatu, wakavishika kwa mbao za kukatiza. Hiyo ni useremala wa mtu aliyebobea.

Mfano wake upo, na unaweza kwenda kuutazama. Mwaka 2002, katika mabwawa yaliyo kusini mwa Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, wanaakiolojia waliokuwa wakichimba mahali ambapo zamani watu walijenga nyumba juu ya nguzo majini walikuta gurudumu la mbao pamoja na mhimili wake. Lina umri wa miaka kama 5,150, kwa hiyo linahesabiwa kuwa miongoni mwa magurudumu ya mbao ya zamani zaidi kupatikana duniani. Kipenyo chake ni sentimita 70 na kidogo. Limeungwa kwa mbao mbili za mti mgumu wa Ulaya, na kuzikaza pamoja fundi alichonga mifereji minne akapitisha humo vipande vya mwaloni. Mhimili nao ni wa mwaloni, urefu kama sentimita 120. Mbao kwa kawaida huoza na kwisha. Hii ilinusurika kwa sababu ilizama kwenye tope lisilo na hewa.

Ukiliangalia lile gurudumu, utaona tundu lake ni la pembe nne.

Mtu anaweza kudhani ni kosa la fundi. La hasha. Mhimili ulichomekwa kwenye tundu hilo ukakazwa kwa kabari, kwa hiyo gurudumu halikuzunguka juu ya mhimili: vyote viwili vilizunguka pamoja, chini ya gari. Msuguano ukahamia pale mhimili unapopita chini ya fremu. Hiyo ni njia moja. Njia nyingine, iliyoshika sehemu nyingi zaidi, ni ya mhimili uliotulia huku kila gurudumu likizunguka peke yake kwenye ncha.

Tofauti yake inaonekana kwenye kona. Gari likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yamekazwa kwenye mhimili mmoja, lazima moja liteleze au liburuzwe. Kwa kigari chembamba cha magurudumu mawili, kwenye njia nyembamba za milimani, hasara hiyo inavumilika, na faida yake ni kwamba huhitaji kutoboa tundu la duara kamili katikati ya gurudumu. Kwa gari pana linaloenda mbali, afadhali magurudumu yaliyo huru. Fundi wa gereji atakwambia kwamba tatizo hili bado linaishi, na dawa yake kwenye gari la leo ndiyo ile difu, inayoliacha kila gurudumu lizunguke kwa kasi yake. Treni, kwa upande wake, imebaki na njia ya Ljubljana: magurudumu yake yamekazwa kwenye ekseli na vinazunguka kwa pamoja.

Sasa swali linalopendwa: nani alianza? Zamani jibu lilikuwa jepesi, Mesopotamia, na vitabu vingi vya shule bado vinasema hivyo. Ushahidi wa huko ni mzuri. Katika mji wa Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, makarani wa mwanzo walichora alama kwenye vibao vya udongo kati ya mwaka 3500 na 3200 KK hivi. Alama mojawapo ni ya sleji, yaani fremu ya mbao isiyo na magurudumu, ya kuburuzwa. Nyingine ni sleji ileile, imeongezwa viduara viwili chini. Nampenda sana karani huyo. Hakuchora kitu kipya. Alichukua kitu cha kuburuza akakipa miguu. Na sisi lugha yetu imefanya vilevile: kigari cha magurudumu mawili tunakiita mkokoteni, kitu cha kukokota, kana kwamba magurudumu yamekuja baadaye na jina halikuona sababu ya kubadilika.

Lakini katika miaka ya 1970, huko Bronocice kusini mwa Poland, kilipatikana chungu kilichochorwa picha ya gari: umbo la pembe nne linaloonekana kutoka juu, viduara vinne kwenye pembe, na kiduara cha tano katikati ambacho watu wanaendelea kubishania. Mfupa uliokutwa kwenye shimo moja na chungu hicho ulipimwa, ukaangukia kati ya mwaka 3635 na 3370 KK. Kaskazini mwa Ujerumani, mahali paitwapo Flintbek, chini ya kilima cha makaburi zilionekana alama mbili sambamba ardhini, na watafiti wengi wanazisoma kama nyayo za gari la mwaka 3400 KK au karibu na hapo. Kwenye nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, karne chache baadaye, watu walikuwa wakizikwa pamoja na magari yao. Kwa kifupi, ndani ya miaka mia tatu au nne gurudumu linaonekana kila mahali kuanzia Iraki hadi Ujerumani, na vipimo vyetu vya umri si vikali kiasi cha kumtaja wa kwanza.

Richard Bulliet, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Columbia, anaelekeza kidole kwingine: migodi ya shaba kwenye milima ya Karpati, Ulaya mashariki, karibu na mwaka 3900 KK. Mwaka 2024 yeye na wahandisi wawili walichapisha hesabu za kompyuta kuonyesha jinsi magogo ya kubiringishia mzigo yangeweza kugeuka hatua kwa hatua kuwa gurudumu na mhimili. Anayetaka kuelewa magogo hayo aende ufukweni siku wavuvi wanapopandisha mashua nchi kavu. Magogo yanatandikwa, mashua inasukumwa juu yake, na daima kuna kijana mmoja anayehangaika kuliko wote: anachukua gogo lililobaki nyuma, anakimbia nalo mbele, analitandika, anarudi tena. Bulliet anasema ndani ya mgodi njia ni nyembamba na haina kona nyingi, kwa hiyo ilikuwa na maana kulizuia gogo lisichomoke chini ya mzigo kwa kulichongea mahali pa kukaa. Kisha kulipunguza unene katikati likabaki nene kwenye ncha. Ukifika hapo una magurudumu mawili na mhimili, vyote kutoka kwenye gogo moja, na yule kijana anapumzika. Inavutia, na inaoana na lile tundu la pembe nne la Slovenia. Binafsi naona ni hadithi nzuri inayosubiri mtu achimbe gurudumu halisi ndani ya mgodi halisi.

Ushahidi mwingine uko mdomoni mwetu. Lugha nyingi za kuanzia India hadi Ulaya zina asili moja, na wanaisimu wamejenga upya baadhi ya maneno ya lugha hiyo mama. Neno la gurudumu lilikuwa kitu kama *kwekwlos*, na limetokana na kitenzi *kwel*, kuzunguka, kilichorudiwa mwanzoni. Mswahili haelezwi zaidi ya hapo: ni zungukazunguka. Neno hilo likasafiri. Kwa Wagiriki likawa *kyklos*, Waingereza wakalichukua kutengeneza jina la chombo cha magurudumu mawili, nasi tukalipokea likiwa baiskeli. Kwa Wahindi likawa *chakra*, kwa Waajemi *charkh*, na kutoka huko likavuka bahari likatupa cherehe, kinoo cha kuzungusha, na cherehani. Fundi nguo anayekanyaga cherehani barazani huku baiskeli yake imeegemea ukuta ana vitu viwili vyenye jina la babu mmoja. Wanaisimu wanaongeza hoja: kama wazungumzaji wa lugha ile mama walikuwa na neno la gurudumu na la mhimili kabla hawajatawanyika, basi hawakutawanyika kabla gurudumu halijakuwepo.

Wapo pia wanaosema gurudumu la kwanza lilikuwa la mfinyanzi. Ni kweli kwamba vibao vya kuzungushia chungu taratibu vilikuwepo huko Mashariki ya Kati kabla ya magari. Lakini kibao hicho kinalala, kinazunguka juu ya ncha, na hakibebi tani ya nafaka kwenye mashimo. Undugu upo, ila si wa baba na mtoto.

Mambo yanakuwa matamu zaidi tukiwatazama wale ambao hawakulitumia. Huko Veracruz, Meksiko, wanaakiolojia walifukua sanamu ndogo za udongo za mbwa na wanyama wengine zenye magurudumu manne na mihimili yake, zilizotengenezwa karne nyingi kabla ya Wahispania kufika. Kumbe wazo walikuwa nalo, na tundu walilijua. Hawakuwa na ng'ombe, punda wala farasi wa kuvuta. Gari bila mnyama ni mkokoteni, na mkokoteni kwenye milima isiyo na barabara ni adhabu. Mizigo yao ilibebwa na wapagazi kwa ukanda wa kichwani. Wainka wa Amerika Kusini walijenga mtandao wa barabara unaokadiriwa kufikia karibu kilomita 40,000, na barabara hizo zilipopanda milima ziligeuka ngazi, kwa kuwa wasafiri wake walikuwa miguu ya watu na ya llama, mnyama wa huko wa kubeba mizigo.

Misri nayo ilijenga piramidi za Giza bila kutegemea magari. Gurudumu walikuwa wameliona: kwenye kaburi la ofisa mmoja huko Saqqara, la zama zilezile za kale, kuna mchoro wa ngazi ya kupandia ngome iliyowekewa magurudumu. Lakini jiwe la tani kadhaa juu ya gurudumu la mbao, kwenye mchanga, linazama. Sleji haizami. Kaburi la Djehutihotep, gavana mmoja wa Misri ya kale, lina mchoro wa sanamu kubwa mno ikivutwa juu ya sleji, na mtu amesimama mbele yake anamwaga maji. Wanafizikia wa Amsterdam walijaribu mwaka 2014 wakakuta mchanga wenye unyevu wa kadiri hupunguza nguvu ya kuvuta kwa karibu nusu. Hao hawakukosa gurudumu; kwa kazi ile halikuwafaa.

Na huku kwetu, msafara wa kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ulikwenda kwa miguu, kila mpagazi na frasila zake mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Wageni walidhani ni ushamba wa kusubiri kuelimishwa. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alitoka Saadani na maksai wanne akafika nao Mpwapwa wakiwa hai, akaandika kwao kwamba magari ya ng'ombe yatafaa. Msafara uliofuata ukaenda na magari, na maksai wakafa njiani. Mbung'o hakuwa amesoma ripoti ya Price. Ilichukua hadi mwaka 1895 ndipo daktari David Bruce, akiwa Zululand kusini mwa Afrika, akaonyesha kwamba inzi huyo ndiye anayebeba ugonjwa wa nagana. Pale ambapo mnyama wa kuvuta haishi, seremala awe bingwa namna gani, gurudumu lake ni pambo.

Hata waliokuwa nalo waliwahi kuliacha. Katika sehemu kubwa ya Mashariki ya Kati, karne chache za mwanzo baada ya Kristo, magari ya kukokotwa yalipungua hadi kutoweka karibu kabisa, yakashindwa na ngamia aliyefungwa tandiko zuri: hahitaji barabara, daraja wala mbao za kutengenezea. Miji ikajengwa kwa kipimo cha mnyama aliyebeba mzigo. Ukipita vichochoro vya Lamu ukalazimika kujibana ukutani punda apite, unaona mji wa aina hiyo ulivyo.

Turudi nyuma, kwa waliolitumia mwanzoni: wao walipigana na uzito. Magari yaliyochorwa kwenye lile sanduku maarufu la Uru, mji wa kale wa Mesopotamia, la miaka ya 2500 KK hivi, yana magurudumu mazito ya mbao zilizoungwa, na yanavutwa na wanyama walioonekana kama punda wakubwa. Wanajenetiki wamebaini kwamba wanyama wa aina hiyo walikuwa chotara wa punda jike na punda mwitu wa Siria. Mbio za maana haziwezekani hapo. Karibu na mwaka 2000 KK, kwenye makaburi ya watu wa Sintashta, upande wa kusini wa milima ya Ural, ndipo zinapoonekana alama za magurudumu ya spoki. Mbao zenyewe zimeoza, zimeacha vivuli vya spoki kwenye udongo, kwa sababu magurudumu yalisimamishwa kwenye mitaro iliyochimbwa sakafuni mwa kaburi.

Spoki ziligeuza kila kitu na kazi ikawa ngumu mara kumi. Katika magari ya Tutankhamun, farao wa Misri, yaliyofukuliwa kuanzia mwaka 1922, hakuna spoki iliyochongwa kutoka ubao mmoja. Fundi alikunja vipande sita vya mti kwa umbo la V, akavipanga ncha zikielekea katikati, akagundisha mkono wa kila V na mkono wa jirani yake; kila jozi ikawa spoki moja. Kisha akaviviringishia ngozi mbichi iliyolowa. Ngozi ikikauka hujikaza, na kadiri inavyojikaza ndivyo gurudumu linavyokuwa kitu kimoja. Gari zima lilikuwa jepesi kiasi cha mtu mmoja kulinyanyua. Magari ya Farao tunayoyasoma kwenye kitabu cha Kutoka yalikuwa ya ukoo huo, na utaalamu wake ulitoka Asia. Hata baadhi ya mbao zilizotumika hazikuota Misri.

Gurudumu zito la mbao halikufa, lakini. Nenda Goma, mashariki mwa Kongo, utazame chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, zikishuka na magunia ya viazi na makaa, dereva amepiga goti moja juu ya ubao. Fremu ni ya mti, magurudumu ni duara za mbao ngumu zilizovalishwa mpira wa tairi kuukuu. Mji umeiwekea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara. Mwenye chukudu akisimama kando ya njia kuikagua, duara haligusi wala kulitazama. Anainama kwenye tundu, anasikiliza kama linalia, anatia mafuta.